Arabia Steamboat Museum, Kansas City: nilijua ni dakika arobaini, tumetoka baada ya masaa matatu

Niseme ukweli mapema, mimi si mtu wa makumbusho. Ukinipeleka mahali pana vioo na maandishi madogo madogo, nusu saa tu magoti yanaanza kulalamika naanza kutafuta benchi. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea toka Bujumbura, wiki mbili yupo ndani anaangalia theluji dirishani, shemeji (huyu wa Uvira, ana mwaka wa sita sasa hapa Kansas City) akasema jamani tumtoe mama nje, kuna mahali pana meli iliyofukuliwa shambani. Nikamwuliza meli imefikaje shambani? Akasema ndo twende ukaone, mbona una maswali hivyo.

Basi Jumamosi tukatoka. Makumbusho yenyewe yapo City Market, karibu na mto, na kwa wageni wa mji huu City Market ni soko kweli, wikiendi kuna mboga, viungo, watu wa kila lugha, Kiswahili unakisikia kabla hujashuka kwenye gari. Mama mkwe alisimama kwenye meza ya bamia robo saa nzima, tukaona leo meli hatuioni. Ushauri wa bure: msihangaike na parking Jumamosi, acheni gari mbali mpande tram ya mjini, haina nauli, inawashusha hapo hapo karibu. Mimi nilijifanya mjuaji nikazunguka na gari dakika ishirini na tano.

Sasa meli yenyewe. Arabia ni stima ya mto, na hili neno stima naomba nilitumie kwa maana yake ya zamani, ndugu zangu wa Kenya msije mkadhani naongelea umeme. Ilijengwa 1853 Brownsville, Pennsylvania, urefu futi 171, yaani kama mita 52, ina magurudumu mawili ya makasia ubavuni, kila moja kipenyo futi 28. Tarehe 5 Septemba 1856 jioni ilikuwa inapanda mto Missouri, imetoka tu hapa Kansas City, watu wapo wanasubiri chakula cha usiku, ikagonga kisiki cha mti wa jozi (walnut) kilichojificha chini ya maji. Kisiki kikatoboa ubao, maji yakaingia, dakika chache sitaha ya chini ipo ndani ya mto. Watu kama 150 waliokuwemo wote walipona kwasababu mto hapo haukuwa na kina kirefu sana, wakapanda juu wakavushwa kwa mtumbwi mdogo. Mzigo ukabaki, tani kama 200 za bidhaa zilizokuwa zinapelekwa kwenye maduka ya miji mipya huko juu. Matope ya Missouri si ya mchezo, asubuhi yake kilichokuwa kinaonekana ni bomba za moshi na kibanda cha juu, na baada ya siku chache hata hivyo vikamezwa.

Alafu mto ukahama. Hii ndo sehemu shemeji alikuwa ananificha. Missouri ni mto usiotulia, kila mafuriko unajichimbia njia mpya, mwisho wa siku stima ikabaki chini ya shamba la mahindi upande wa jimbo la Kansas, kama mita 800 toka kwenye maji, imelala futi 45 chini ya udongo. Miaka 132. Watu walijaribu kuifukua mara kadhaa kwasababu stori ya mtaani ilikuwa inasema kuna mapipa 400 ya wiski ya Kentucky ndani. Unajua tena, ukitaka binadamu achimbe shimo mwambie chini kuna pombe.

Waliofanikiwa hawakuwa maprofesa. Ni baba na wanae wawili, Bob Hawley na David na Greg, mafundi wa friji na viyoyozi, wakiwa na rafiki yao Jerry Mackey mwenye vibanda vya kuuza baga, na David Luttrell mtu wa ujenzi. Mwaka 1987 David Hawley akatembea shambani na kipima sumaku mpaka kikaitikia chuma cha boila, wakakubaliana na mwenye shamba kwamba wachimbe mazao yakishavunwa na wamalize kabla ya msimu wa kupanda. Wakaanza Novemba 1988, wakati wa baridi kali. Tatizo lilikuwa maji, ukichimba hapo shimo linajaa kama kisima, ikabidi wazungushie pampu 20 zinazotoa maji galoni 20,000 kwa dakika, usiku na mchana. Ukizima pampu umekwisha. Februari 1989 walipomaliza wakazizima na lile shimo likajaa maji.

Plani ilikuwa wauze, wagawane hela, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Lakini pipa la kwanza walilolifungua lilikuwa na vyombo vya mezani vya Kiingereza vimefungwa kwenye majani makavu, vizima, vinang'aa, kama vimetoka dukani jana. Wakatazamana. Hawakuuza hata sahani. Wakajifundisha kuhifadhi vitu wenyewe kwa kupiga simu kwa wataalamu, vitu vingine wakavitunza kwenye mafriji (faida ya kuwa fundi friji hiyo), na 1991 wakafungua haya makumbusho. Mpaka leo ni ya familia na mara nyingi mmoja wao anatokea kuongea na wageni.

Ukiingia unaanza na maelezo na filamu fupi ya uchimbaji halafu unaachiwa uzunguke. Na hapa ndo nilipopotelea.

Jamani ile ni supamaketi. Sijui niiiteje vingine. Umeshawahi kuona kontena la mitumba linafunguliwa? Sasa hili ni kontena la 1856 na ni vipya vyote, havijavaliwa na mtu. Viatu na mabuti zaidi ya 4,000. Kofia. Misumari, bawaba, vitasa vya milango, funguo, shoka, majembe, misumeno. Shanga za kufanyia biashara na Wahindi Wekundu, nyingine ndogo kuliko punje ya ulezi. Vifungo vya nguo vya kila rangi, mama mkwe ni fundi cherehani akagoma kuondoka kwenye kioo cha vifungo, ananiambia mwanangu angalia hiki, hiki kilikuwa sokoni kwetu nikiwa binti. Chupa za dawa, chupa za achari ya matango bado kijani, na mmoja wa wachimbaji alionja kweli kweli achari ya miaka 132 na akabaki hai. Manukato ya Kifaransa ambayo bado yana harufu.

Kitu kimoja nataka mkitazame kwa karibu. Simameni kwenye viatu. Ngozi imebaki, na nguo za sufu na hariri zimebaki, ila pamba yote imeoza. Kwahiyo uzi wa pamba ulioshona viatu haupo, na walipovitoa kwenye tope vilikuwa vipande, soli huku, ubavu kule, vimeachana kama havijawahi kuwa kiatu, na mtu amekaa amevishona upya tundu kwa tundu, akifuata matundu ya sindano ya yule fundi wa 1856. Nilitazama buti moja la mtoto, nadhani saizi ya mtoto wa miaka mitatu, tundu zote zimefuatwa. Shemeji akasema huyu aliyeshona hana watoto wanaomsumbua.

Sasa ngoja niongelee jambo ambalo ndo limenifanya niandike riviu ndefu hivi, maana kuhusu mzigo mtaona picha za kutosha kila mahali.

Ukishuka upande wa mitambo kuna boila na injini halisi za Arabia, nanga, na gurudumu la makasia lililojengwa upya kwa ukubwa wake linazunguka majini, na sehemu ya mkia wa meli, mbao zenyewe. Mzee wangu alifanya kazi bandarini Kigoma miaka mingi, mimi nimekulia kwenye mlio wa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwahiyo injini ya mvuke kwangu si kitu cha ajabu, Liemba yenyewe ilikuwa ya mvuke kabla ya kuwekewa dizeli, na nayo ilishazamishwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 baada ya kupaka injini grisi, Waingereza wakaitoa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Ndo maana nilipoona boila za Arabia nilijikuta natafuta kitu ambacho mzee alikuwa ananionyesha kila tukipanda Liemba: mlango wa tanuri. Alikuwa anasema meli ni huyu aliyesimama hapa, kapteni ni kofia tu.

Nani alikuwa amesimama pale kwenye Arabia?

Wenye meli tunawajua. Arabia ilipita mikononi mwa kapteni John Shaw, halafu 1856 wakainunua William Terrill na William Boyd, na Terrill ndiye aliyekuwa nahodha ilipozama. Hiyo ilikuwa kawaida ya biashara ile, nahodha ni mwenye hisa, na ni biashara ya kamari maana stima ya mto wastani wa maisha yake haufiki miaka mitano: ikikwepa kisiki inaungua, ikikwepa moto inapasuka boila, ikikwepa vyote barafu inaiponda. Lakini wakati huo huo msimu mmoja au miwili mizuri ungeweza kurudisha hela yote ya kuijenga. Kwahiyo mwenye meli haraka zake mnaelewa, kila siku anayokaa bandarini ni hela inayeyuka na meli inazeeka.

Na hao wenye meli walikuwa na vituko, stori zao zinajaza vitabu. Kapteni Thomas Leathers, mwenye stima kadhaa zote zikiitwa Natchez, na kapteni John Cannon mwenye Robert E. Lee, walikuwa hawapatani, wakashindana 1870 toka New Orleans hadi St. Louis. Cannon akavua meli yake kila kitu kizito, akakataa mizigo, na kuni na makaa akapokea toka kwenye stima nyingine huku wanatembea katikati ya mto bila kusimama. Leathers yeye akachukua mizigo na abiria kama siku ya kawaida, kiburi hicho. Lee ikafika St. Louis Julai 4 kwa siku 3 saa 18 na dakika 14, Natchez ikakwama kwenye ukungu ikaja masaa sita nyuma. Na huyu Leathers aliyeponea mto wa Mississippi miaka yote ile, mnajua alikufaje? 1896 mjini New Orleans, aligongwa na baiskeli.

Chini ya nahodha kuna rubani, na hapa Kiswahili kinatusaidia kwasababu siku hizi tukisema rubani tunawaza ndege lakini neno ni la baharini, yule anayeijua njia ya maji. Kwenye stima za Marekani rubani alikuwa mfalme, meli ikiondoka hata nahodha hamwamrishi, na mshahara wake ulikuwa mkubwa mno kwa siku zile. Ilibidi awe na mto mzima kichwani, kila kona, kila fungu la mchanga, tena usiku, na mto wenyewe unabadilika kila mwezi. Samuel Clemens alipata leseni ya urubani 1859, na lile jina lake maarufu la Mark Twain ni ukelele wa mpima kina: alama ya pili, yaani pima mbili, maji futi 12, salama pita. Nilipomwambia mama mkwe kwamba jina la mwandishi maarufu wa Marekani maana yake ni Pima Mbili alicheka mpaka akakaa. Ila huyo huyo Pima Mbili mdogo wake Henry alikufa 1858 stima iitwayo Pennsylvania ilipopasuka boila.

Alafu sasa unashuka. Karani wa mizigo, fundi mitambo, wapishi, wahudumu wa saluni (ukumbi wa abiria wa juu, si ya nywele), kinyozi. Unashuka tena, unafika kwa wachochea moto na makuli. Stima kubwa ilikuwa inakula kuni kama haina akili, kila siku inasimama mara mbili tatu kwenye magenge ya wakata kuni kando ya mto, na abiria maskini wa sitaha ya chini, wanaolala juu ya magunia na ng'ombe, walikuwa wanapunguziwa nauli wakikubali kusaidia kubeba magogo. Saluni ya juu wamewekewa mazulia na vioo, chini yao hatua kumi tu mtu yupo kifua wazi mbele ya tanuri.

Nani hao? Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wengi walikuwa Wairishi na Wajerumani waliofika juzi, na watu weusi, wengine huru, wengine watumwa waliokodishwa na mabwana zao, mshahara unaenda kwa bwana. Na kuna hesabu moja mbaya sana: kwenye kazi za hatari zaidi waajiri wengi waliona afadhali Mwairishi kuliko mtumwa, maana mtumwa akifa mwenye mali atadai thamani yake, Mwairishi akifa hakuna wa kulipa. Nilimtafsiria shemeji hii akanyamaza muda. Akasema kumbe.

Lakini huo mto huo huo ulikuwa pia barabara. William Wells Brown, mtumwa wa St. Louis, alikodishwa kwenye stima, tena kuna kipindi alikodishwa kwa mfanyabiashara wa watumwa anayesafirisha watu kwenda kuuzwa New Orleans, kazi yake mojawapo ikiwa kuwang'oa wazee mvi na kuwapaka rangi nyeusi ili waonekane vijana mnadani. Januari 1834 stima ilipofunga gati Ohio, upande usio na utumwa, akabeba sanduku la mtu kama kuli mwingine yeyote, akashuka nalo, na hakurudi. Kazi ya ukuli ndo ilimpa njia, nani anamwuliza kuli na sanduku anaenda wapi?

Na Arabia yenyewe ilikuwa katikati ya hayo. Machi 1856, miezi sita kabla haijazama, wanaotetea utumwa waliisimamisha Lexington, Missouri, wakapekua wakakuta masanduku ya bunduki aina ya Sharps zinapelekwa kwa walowezi wa Kansas waliokuwa wanapinga utumwa. Wakati huo Kansas ilikuwa imeachiwa wakazi wapige kura wenyewe kama wanataka utumwa au hawataki, kwahiyo kila upande unasafirisha watu na silaha, na njia kubwa ni mto, na mto unapita Missouri ambayo ina utumwa. Kwahiyo mtu mweusi anayechochea moto kwenye stima ya aina hii kulia kwake Missouri ni mtumwa, kushoto kwake Kansas watu wanauana kwa sababu yake.

Sasa rudi kwenye vioo. Kila kitu pale kina jina la aliyetengeneza, kiatu kimepigwa muhuri wa kiwanda, chupa imeandikwa jina la mwenye dawa, sahani ina chapa nyuma. Tunajua duka gani liliagiza sanduku gani. Mchochea moto hakuwa na sanduku. Alikuwa na shati lake, na shati lilikuwa la pamba, na pamba imeoza. Kwahiyo mkienda msikimbilie vifungo peke yake, kaeni kwenye boila dakika tano, wekeni mkono karibu na mlango wa tanuri mfikirie Agosti ya Missouri.

Tena boila zenyewe zilikuwa zinatisha. Stima za mito ya magharibi zilitumia mvuke wa mgandamizo mkubwa kwasababu injini zake ni nyepesi na rahisi, zinafaa kwenye meli ya tumbo bapa inayopita maji madogo, ila ukikosea zinapasuka, na fundi aliyetaka mbio alikuwa anatundika uzito kwenye valvu ya usalama isifunguke. Sheria zilikuja 1838, hazikusaidia sana, zikakazwa 1852 na kuleta ukaguzi na leseni. Na bado Aprili 27, 1865 ikatokea ajali ya stima Sultana, mtoni kaskazini ya Memphis. Leseni yake ni watu 376. Serikali ilikuwa inalipa dola 5 kwa kila askari anayerudishwa nyumbani na dola 10 kwa ofisa, kapteni J. Cass Mason akapakia zaidi ya 2,000, wengi wao wametoka kwenye kambi za mateka ni mifupa mitupu, na boila ilikuwa imebandikwa kiraka cha haraka haraka Vicksburg kwasababu kuitengeneza vizuri ingechukua siku nyingi na abiria wangechukuliwa na mwingine. Usiku wa manane boila tatu kati ya nne zikapasuka. Hata makadirio ya chini yanazidi vifo 1,100. Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia meli iliyojazwa kupita kiasi hatuhitaji kutafsiriwa, MV Bukoba ilizama 1996.

Ok nimetoka nje ya mada. Nyumbu.

Msimame hapo wote kwa nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti, ni yule chotara wa punda na farasi. Huyu ndiye pekee aliyekufa Arabia ilipozama. Mwenye nyumbu alisimulia kwamba alijitahidi sana kumwokoa lakini mnyama ni mkaidi akagoma kutoka, na watu wakamwamini kwasababu nyumbu tunawajua. 1988 wanafukua, wanakuta mifupa, na hatamu yake. Bado amefungwa. Alikuwa amefungwa muda wote, bwana ndo alikimbia akamsahau halafu akamsingizia ukaidi. Mifupa yake ipo pale kwenye kioo, na mama mkwe alipoelezwa alisema kwa Kirundi kitu ambacho shemeji alikataa kunitafsiria.

Mwisho wa stima nao unaonekana ukitoka nje tu, maana Kansas City ndo palipojengwa daraja la kwanza la reli kuvuka mto Missouri, Hannibal Bridge, 1869. Reli ilikuwa imeshafika St. Joseph tangu 1859. Treni haigongi kisiki, haisubiri maji yapande, haigandi miezi mitatu. Zile stima zikabaki kukimbilia huko juu Montana mpaka Fort Benton, halafu huko nako reli ikawafuata. Kwenye mto Missouri peke yake zilizama mamia, nyingi kwa visiki, na nyingi bado zipo chini ya mashamba ya watu, mtu anapanda soya juu yake hajui.

Haya ya kawaida sasa. Tiketi si ya bei mbaya ukilinganisha na mambo mengine ya familia mjini hapa, watoto wanapunguziwa. Kwa mtu mzima wa miguu mibovu kama mama mkwe kulikuwa na pa kupumzika, hatukupata shida. Ndani kuna ubaridi kidogo, beba sweta hata kama ni Julai. Kuna maabara ambapo unaona mfanyakazi anasafisha vitu mbele yako, wana miaka zaidi ya thelathini wanasafisha na hawajamaliza mzigo, mwulizeni maswali, wanapenda kuulizwa. Na msichelewe kwenda, mkataba wao wa jengo hilo na jiji unaishia 2026 na kwa muda mrefu wamekuwa wakisema watahitaji makao mapya, kwahiyo angalieni kwanza kabla ya kufunga safari. Chakula kuleni sokoni. Sisi tulijifanya matajiri tukaenda mgahawa mmoja (sio wa hapo, jina nalihifadhi), tumesubiri sahani dakika hamsini na ilipokuja ni ya meza nyingine.

Naipa nyota tano kasoro nusu, na hiyo nusu wala si kosa la makumbusho, nimeikata kwa niaba ya nyumbu.

Kwenye duka lao la zawadi wanauza manukato yaliyotengenezwa upya kwa kufuata harufu ya yale ya Kifaransa yaliyotoka kwenye tope. Mama mkwe akanunua kichupa, akajipulizia humo humo kwenye gari madirisha yamefungwa, tumefika nyumbani shemeji anapiga chafya, mama anauliza kwani watu wa 1856 walikuwa hawaogi?